Wati 12,000 kwa laki na nusu: wauza redio, mnatuona sisi vijana mazuzu?

Wakuu, nina hasira na nitaandika kwa hasira. Kama uzi hauko kwenye jukwaa lake uhamisheni, ila msiufute.

Mimi ni kijana wa miaka 24, naishi Makorora, Tanga. Nakaa kwenye kibanda cha wakala wa pesa, kibanda chenyewe cha mtu, na mwezi ukiisha napewa laki mbili na themanini. Sinywi, sivuti, mpira nausikilizia redioni. Starehe yangu ni moja tu, mziki. Sisemi mziki wa kutikisa mabati ya jirani. Nasema ule wa kukaa chini ukasikia gitaa la solo liko upande huu, la rithimu upande ule, besi inatembea katikati. Mji huu ndio uliotoa bendi za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, halafu mtoto wa mji huu huu hana uwezo wa kusikiliza gitaa zao zikijibizana kama zilivyopigwa!

Mwezi wa tatu nilikuwa nimejichanga laki moja na nusu. Nikaingia duka moja pale Ngamiani, nikamwambia muuzaji nataka amplifaya ndogo na spika mbili za kawaida, za kuweka juu ya kabati. Alicheka mpaka akaita mwenzake. "Dogo, hayo mambo ya wazee. Chukua sabufa, hii inaongea." Akaiwasha. Taa nyekundu, taa ya bluu, taa inayokimbiakimbia kuzunguka spika, blututhi, tundu la flashi, rimoti. Akafungulia mdundo, kifua kikatetemeka. Boksi limeandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni: 12,000W PMPO, yaani eti ndiyo nguvu ya juu kabisa inayoweza kuifikia kwa kufumba na kufumbua. Nikatoa hela. Ndiyo, nilidanganywa na taa, chekeni mmalize.

Nyumbani nikaweka taarabu ya zamani ya Black Star, ya hapa hapa Tanga, bi mkubwa anaipenda sana. Hata beti halijaisha akauliza kutoka jikoni: "Mbona huyu anaimba yuko kisimani?"

Na kweli. Lile boksi kubwa linanguruma chini, vile vispika viwili vya pembeni vinapiga kelele juu, na hapo katikati, mahali inapokaa sauti ya binadamu, hakuna kitu. Nikapunguza besi mpaka mwisho, ikabaki sauti ya bati. Nikaipandisha, mwimbaji akazama tena kisimani.

Kesho yake ndiyo nikafanya nilichopaswa kufanya dukani. Nikaigeuza nyuma nikasoma kile kikaratasi cha fedha ambacho hakuna anayekisoma. Matumizi ya umeme: wati 45.

Haya, tufanye hesabu ya darasa la saba. Umeme wetu ni voti 230 na plagi zetu za miguu mitatu zina fyuzi ya ampia 13 kwenda chini. Zidisha, unapata wati 2,990, yaani soketi nzima ikikamuliwa mpaka tone la mwisho haifiki elfu tatu. Wati 12,000 zingetaka ampia zaidi ya 50; fyuzi ingekatika kabla wimbo haujafika kwenye kiitikio. Na kifaa kinachokula wati 45 hakiwezi kutema 12,000, labda kiwe na jini. Hiyo PMPO haina kipimo walichokubaliana popote, kila kiwanda kinajiandikia namba inayokifurahisha. Namba yenye maana ni ya RMS, ile nguvu ambayo kifaa kinaitoa mfululizo bila kukata, na hiyo kwenye boksi langu haipo kabisa. Nimelitafuta boksi zima, mpaka chini.

Wiki ya tano ikaanza kuvuma, vuuuuu, hata mziki ukiwa umezimwa. Boksi linasema dhamana mwaka mmoja. Nikarudi dukani. Jibu: "Hiyo dhamana ni ya kiwandani, sisi tunakutestia hapa ikiwaka basi." Kwa hiyo niende China nikiwa nimebeba sabufa kichwani? Fundi akaifungua, transfoma yenyewe kama ndimu. Akaniangalia kwa huruma: "Mdogo wangu, hapa umenunua taa."

Sasa najua mtasema. "Jichange ununue kitu cha maana." Nimeuliza hicho cha maana. Spika mbili ndogo zenye amplifaya yake ndani, za kampuni inayoandika namba za kweli, Kariakoo nimetajiwa laki nne na kitu. Hapo sijaweka nauli ya basi kutoka Kange kwenda na kurudi. Hiyo ni zaidi ya mshahara wangu wa mwezi mmoja na nusu, nisile, nisipande daladala, nisimpe mama hata hela ya mkaa.

Na msiniambie ni muuzaji peke yake. Bidhaa iliyokamilika ikitoka nje ya Afrika Mashariki kwa kawaida inakaa kwenye ushuru wa asilimia 25. Juu ya hapo VAT asilimia 18, tena inapigwa juu ya bei iliyokwishaongezwa ushuru. Chukua mzigo wa laki mbili pamoja na nauli ya meli: ushuru elfu hamsini, VAT elfu arobaini na tano, tayari ni 295,000, na hapo hujagusa tozo nyingine wala faida ya mtu yeyote. Sabufa ya taa nayo inapita njia hiyo hiyo, tofauti ni kwamba yenyewe imetengenezwa kwa vitu vya kutupa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sauti nzuri haijawahi kuwa rahisi kutengeneza kama leo. Kuna chipu inaitwa TPA3116, ndogo kuliko ukucha, ukiipa umeme msafi inasukuma spika mbili za sebuleni bila jasho. Na sebule zetu zinataka wati ngapi? Spika nyingi za kawaida ukizipa wati moja, moja tu, ukikaa mita moja zinakupa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) kama 85 hadi 90. Jirani anagonga ukuta. Mwaka 1978 kampuni ya NAD ilitoa amplifaya ya 3020, wati 20 kila upande, imeandikwa 20 bila aibu, ikawa ya watu wa mfuko mdogo na mpaka leo inasakwa. Nani atathubutu kuandika 20 kwenye boksi pale Ngamiani? Mteja atamcheka, kwa sababu mteja mwenyewe amefundishwa kwamba wati 12,000 ni za kuanzia.

Halafu kuna nyie wazee. Mjomba wangu ana amplifaya ya Kijapani na spika za mbao, alizipata miaka ya 80 kwa baharia aliyeshuka hapa bandarini. Kila nikienda kwake ni hotuba: nyie vijana hamjui sauti, rahisi ghali. Mjomba, nakuheshimu, lakini wewe ulizipata kwa bei ya kutupa. Leo za mtumba za aina hiyo muuzaji anaingia mtandaoni, anaangalia bei ya Ulaya, anakutajia hiyo hiyo. Na spika zenyewe ukibonyeza sponji ya pembeni inabaki kidoleni kama unga, joto na unyevu wa pwani vimeshaila. Laki tatu, haipungui, "hizi orijino".

Na wewe unayetaka kuandika "nunua hedifoni", usijisumbue, ninazo. Mama yangu nimvishe ya kushoto mimi nivae ya kulia?

Siombi msaada wa hela. Kama kuna mtu hapa Tanga mwenye spika mbili zisizo na taa, sponji nzima, chini ya laki moja na nusu, anifuate pembeni, nitakuja na fundi wangu. Madalali kaeni mbali. Na kuna mafundi mbao wangapi mji huu? Fundi achonge maboksi, mwingine aagize koni za spika na hizo chipu, aandike wati 15 na ziwe 15 kweli. Mimi nitapanga foleni wa kwanza.

Na wewe uliyeniuzia, kama unapita humu: sabufa iko uvunguni, lile boksi la wati 12,000 bi mkubwa analazia vifaranga. Kumi na moja, wote wazima, na wanasikika vizuri kuliko mzigo wako.