Kifurushi changu nikiite "simu", "tzsimu" au "nambari"?

msimbo_wa_usiku: Wakuu, habari. Nimemaliza kifurushi cha msimbo cha kusafisha namba za simu za Tanzania. Ukikipa 0712… au 712… kinakurudishia +255 na tarakimu 9. Kesho jioni nakiachia. Majina yaliyobaki ni hayo matatu. Lipi?

bando_limeisha: Nikajua kifurushi cha wiki, nikafungua mbio 😂 Python au JavaScript? Mbona husemi?

msimbo_wa_usiku: Samahani mkuu. Python, kinaenda PyPI, lile ghala la vifurushi vya Python.

BiMkubwa_Linux: "simu" pana mno, mtu atadhani kinapiga simu. "nambari" ndiyo kabisa, nambari ya nini, ya nyumba? Andika namba-simu-tz, linajieleza.

mtaa_wa_saba: Refu hilo, nani atalikumbuka? Ushahidi, ile programu ya Kenya ya kukusanya taarifa za wananchi, tangu 2008 ni neno moja la Kiswahili na Wazungu wamelishika.

BiMkubwa_Linux: Ushahidi ni jukwaa, mwanangu. Halichapwi kwenye terminali, dirisha la amri, saa nane usiku.

fundi_nyuma: Iteni mtakavyo, ila jina la kusakinisha na la kuimpoti (kukiita ndani ya msimbo) yawe moja. Ofisi niliyokuwa, maktaba ya malipo ilikuwa na jina refu la kusakinisha, lakini kwenye msimbo unaimpoti herufi 2 tu. Akaja kijana mpya, kompyuta ikamwambia moduli haipo. Naye akafanya ambacho yeyote angefanya: pip install, amri ya kusakinisha kutoka PyPI, na zile herufi 2. Ikakubali! Akapata kitu cha mtu asiyemjua, hakina hata fankisheni moja ya kwetu. Siku nzima tunamlaumu yeye, jioni ndipo mmoja akafungua folda akaona. Hata wakubwa wanalo tatizo hilo: unasakinisha beautifulsoup4 unaimpoti bs4, Pillow unaimpoti PIL. Na Bi Mkubwa, kistari hakiimpotiki, litageuka namba_simu_tz.

BiMkubwa_Linux: Kistari na mstari wa chini PyPI inavihesabu kitu kimoja, hapo hakuna atakayepotea.

fundi_nyuma: Kwa PyPI sawa. Kule npm, ghala la JavaScript, 2017 mtu alipandisha kifurushi crossenv, wenye haraka waliosahau kistari cha cross-env wakaibiwa siri za mazingira yao, yaani nywila na funguo zilizowekwa kwenye mipangilio ya kompyuta.

mtaa_wa_saba: Mimi nilitaka langu liitwe ng'ombe, PyPI haitaki ritifaa. Lugha yetu imeonewa.

bando_limeisha: Ungeandika ngombe.

mtaa_wa_saba: Ngombe ni nini sasa?

msimbo_wa_usiku: Jamani, turudi. Naelekea tzsimu. Kina pia fankisheni ya kutaja mtandao kwa kuangalia tarakimu za mwanzo.

fundi_nyuma: Wee! Tangu 2017 watu wanahama mtandao na namba zao. Tarakimu za mwanzo zitakudanganya.

msimbo_wa_usiku: Duh. Kwa hiyo niitoe?

bando_limeisha: Kuna mtu humu aliyehama? Ilichukua muda gani?