Wikiendi ndefu ya siku tatu: mnachaguaje pa kwenda?

Mleta mada
Wadau, habari zenu. Kila sikukuu ikiangukia Ijumaa au Jumatatu, nyumbani kwetu mjadala ni uleule. Mume wangu anataka tupande ndege twende mbali tubadilishe hewa. Mimi namuwaza mama mkwe, magoti yanamsumbua, na mtoto wetu mdogo ambaye hutapika garini. Tunavutana mpaka nafasi nzuri zinaisha, tunachukua kilichobaki, na tunarudi tumechoka kuliko tulivyoondoka. Siombi mnitajie mahali, maana kila mtu ana mfuko wake na anakoishi. Naomba kujua mnaangalia nini mnapochagua. Natanguliza shukrani.

Njiapanda
Dada, anza na masaa, mahali patafuata. Hesabu tangu mnafunga mlango wa nyumbani hadi mnatua mabegi chumbani. Wengi wanahesabu muda wa angani tu. Chukua ndege ya masaa mawili kwenda nchi nyingine: mnatakiwa uwanjani kama masaa matatu kabla, weka na njia ya kufika huko, foleni ya pasipoti, kusubiri mizigo, gari la kwenda hotelini. Hapo masaa saba au nane yamekwisha, na kurudi ni yaleyale. Kwa siku tatu mimi sivuki masaa manne ya kwenda. Kwa siku nne nakubali sita.

Kinachozidi hapo nakiwekea likizo ya mwaka. Kilimanjaro, kwa mfano, ina mita 5,895, na kuipanda kunahitaji siku tano au zaidi. Anayeharakisha anautafuta ugonjwa wa mwinuko, yaani kuumwa kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi, ambao huweza kuanza kusumbua kuanzia mita 2,500 hivi. Mlima ule unastahili muda wake. Vilevile tofauti ya saa: mwili huzoea kwa wastani kama saa moja kwa siku, kwa hiyo sehemu yenye tofauti ya masaa matano mtaanza kuizoea siku ya kufunga mabegi.

Kiti cha Dirishani
Mkuu Njiapanda, nakubaliana nawe kwa ndege na gari. Treni ya usiku yenye vitanda naitoa kwenye hesabu hiyo. Unapanda Ijumaa jioni, unalala, unaamka Jumamosi umeshafika na siku nzima iko mbele yako. Masaa kumi ya namna hiyo hayali muda wenu, na mwenye magoti mabovu anajinyoosha. Ila mama apewe kitanda cha chini, na hicho kiombwe mapema.

Jambo jingine, angalieni kalenda ya mnakokwenda. Sikukuu yenu inaweza kuwa sikukuu yao pia. Tarehe 1 Mei makumbusho ya Louvre ya Paris hufungwa, na ni siku ambayo nchi nyingi ziko mapumzikoni. Wikiendi ikiishia Jumatatu, kumbukeni kwamba makumbusho mengi ya Ulaya hufunga Jumatatu: Orsay ya Paris mojawapo, na Uffizi ya Florence, Italia, pia. Japani kuna sikukuu kadhaa zinazokaribiana kati ya 29 Aprili na 5 Mei, na treni na hoteli hujaa kweli kweli. Kwa upande mwingine, miji ya kibiashara hupungua watu sikukuu inapofika, na hoteli zinazotegemea wasafiri wa kikazi mara nyingi hushusha bei. Wote wakikimbilia ufukweni, nyie geukeni upande wa pili.

Mama Pacha
Mimi nachagua kwa kumwangalia aliye dhaifu kuliko wote kwenye msafara. Bibi akiwa na amani, wote mna amani. Pigeni simu hotelini, msitegemee picha za mtandaoni. Ulizeni: kutoka gari linaposimama hadi mlango wa chumba kuna ngazi ngapi? Zina vishikio? Bafuni kuna cha kushika? Wakijibu kwa kubabaika, waombeni wapige picha ya ngazi hizo waitume sasa hivi. Wanaotaka wageni hutuma.

Huyo mdogo, epukeni barabara za kona kona hata kama ndizo fupi. Akae anapoona mbele, asiangalie simu, dirisha liwe wazi kidogo, na msimame kila baada ya saa moja na nusu hivi. Na tafadhali, hoteli iwe moja tu. Kuhama Jumapili asubuhi kunaua nusu siku.

Mhasibu wa Zamu
Nyongeza fupi. Pasaka huhamahama kati ya 22 Machi na 25 Aprili. Mwaka 2027 itakuwa 28 Machi, kwa hiyo msichukulie hali ya hewa ya mwaka uliopita kuwa kipimo. Idi husubiri mwezi kuandama na kila mwaka huja mapema zaidi kwa kama siku 11, hivyo lipieni chumba kinachoruhusu kughairi bila makato. Ulizeni pia kama wanalazimisha idadi ya usiku, maana baadhi ya hoteli sikukuu hazipokei wa usiku mmoja.

Mleta mada
Asanteni sana, jamani. Nimemsomea mume wangu, na hesabu ya kuanzia mlangoni imemkalia vizuri. Tumekubaliana ziwani, masaa matatu na nusu kwa gari, barabara imenyooka, chumba cha chini. Swali moja limebaki: turudi Jumatatu jioni tutumie siku yote, au mapema?

Njiapanda
Jumatatu, mkishamaliza kifungua kinywa, ondokeni. Jioni kila aliyesafiri yuko barabarani, madereva wamechoka na giza linaingia, na ninyi mna mzee na mtoto. Siku yenu ya kushinda majini iwe Jumapili.