Naomba ushauri: niuze kahawa sasa au niisubiri New York?

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Niko Kibosho, Moshi. Nina magunia sita ya kahawa ya maganda ya msimu huu, nimeyapanga juu ya mbao chumba cha uani.

Kijana wangu kanionyesha kwenye simu bei ya arabika, aina ya kahawa yetu huku, kwenye soko la New York, ile ya senti za dola kwa ratili, yaani kama gramu 454. Tangu hapo, kabla sijamkatia ng'ombe majani, naangalia kwanza New York walilalaje. Mama watoto ananicheka. Shemeji wa Bukoba ananiambia robusta yake, aina nyingine ya kahawa, inafuata bei ya soko la London, nisimchanganye.

Kinachoniuma: juzi New York ilipanda, mnunuzi aliyekuja na mizani yake hakuongeza hata shilingi. Iliposhuka, kesho yake asubuhi alikuwa ameshapata habari!

Sasa nipeleke chama cha msingi cha ushirika iende mnadani, nisubiri malipo, au nimpe huyu mwenye hela mkononi? Ada ya Januari hainisubiri. Na New York ikishuka, halafu dola nayo ishuke dhidi ya shilingi, si napigwa mara mbili? Waliowahi kuhifadhi, inakaa miezi mingapi bila kuvuta unyevu? Paa langu lina tundu moja.