Vince Young 2005 au Joe Burrow 2019: nani kwotabeki bora wa mpira wa vyuo?

Mwana wa Houston
Wakuu wa ughaibuni mnaofuatilia mpira wa vyuo vya Marekani (ule wa kofia ngumu, si soka), naomba tulimalize hili. Kila msimu ukikaribia, runinga zinatuimbia Joe Burrow wa LSU, chuo cha jimbo la Louisiana, msimu wa 2019, kwamba hajapata kutokea kwotabeki wa chuo, yaani yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, kama yeye. Mimi nasema Vince Young wa Texas, 2005. Ushahidi wangu ni usiku mmoja tu: Rose Bowl, fainali ya ubingwa wa msimu ule, tarehe 4 Januari 2006. Wapinzani, USC wa California, walikuwa wameshinda mechi 34 mfululizo. Wana Matt Leinart mwenye Heisman (tuzo ya mchezaji bora wa vyuo) ya 2004, wana Reggie Bush mwenye ile ya 2005. Young akapiga pasi za yadi 267, akakimbia yadi 200, na zikiwa zimebaki sekunde 19, jaribio la nne, hakuna la tano, akauchukua mpira mwenyewe akaingia kona ya kulia. 41-38. Nitajieni usiku wa Burrow unaofanana na huo. Nawasilisha.

Buckeye wa Pangani
Usiku mmoja si msimu, mkuu. Burrow alipiga pasi za tachidauni (za kufunga, mpira ukifika eneo la mwisho la wapinzani) hamsini na kitu, hakupoteza mechi, na nusu fainali aliwapiga Oklahoma tachidauni saba kabla ya mapumziko. Saba! Young msimu mzima wa 2005 pasi zake za tachidauni hazikufika hata nusu ya hizo za Burrow. Halafu mjue kijana huyo tumemlea sisi Ohio State.

Dereva wa Usiku
Sitini, si hamsini na kitu. Sitini katika mechi 15, yadi 5,671, na katika kila pasi 100 zaidi ya 76 zilifika. Ukimtetea mtu, mtetee kwa hesabu kamili.

Na hilo la "tumemlea" lifute. Kwenu alikaa benchi. Nafasi akapewa Dwayne Haskins, yeye akafunga virago 2018 akaenda Louisiana. Leo mnadai malezi?

Buckeye wa Pangani
Haskins huyohuyo alipiga tachidauni 50 mwaka ule wa 2018, kwa hiyo hatukumpa nafasi mtu dhaifu. Digrii ya Burrow ni ya Ohio State, aliondoka akiwa ameshahitimu. Na mnakumbuka alivyolia siku ya Heisman? Alizungumzia watoto wa kaunti ya Athens wanaorudi nyumbani bila chakula mezani. Watu wakachanga zaidi ya nusu milioni ya dola. Athens hiyo ni Ohio, ndugu yangu, haiko Louisiana.

Dereva wa Usiku
Athens ni kwao, wala hakuna aliyebisha. Ninachobisha ni benchi kuitwa malezi.

Mzee wa Omaha
Vijana, mnabishana kama vile mpira ulianza baada ya simu za mkononi. Tommie Frazier, Nebraska, 1995. Ubingwa wa 1994, ubingwa wa 1995. Fiesta Bowl ya tarehe 2 Januari 1996 tuliwafunga Florida 62-24, na Florida hao walikuwa na Danny Wuerffel aliyechukua Heisman mwaka uliofuata. Frazier alikimbia yadi 199 usiku ule. Ile mbio ya yadi 75 itafuteni muihesabu wenyewe, mabeki wangapi walimshika na wangapi walibaki na hewa mkononi.

Sasa sikilizeni jambo ambalo watoto wa takwimu hawalisemi. NCAA, wasimamizi wa michezo ya vyuo, haikuwa inaingiza mechi za bowl, zile za baada ya msimu wa kawaida kama Rose na Fiesta, kwenye takwimu za msimu mpaka mwaka 2002. Zile yadi 199 za Frazier hazimo kwenye hesabu yake. Burrow kaingiziwa Oklahoma 63-28, kaingiziwa na fainali dhidi ya Clemson 42-25. Mmoja amepimwa mechi 15, mwenzake 11, halafu mnaniambia tazama tarakimu. Tena wakati wa Frazier kwotabeki aligongwa mpaka akasahau jina lake na refa hapulizi kitu. Tangu 2013 ukimlenga mtu kichwani unatolewa nje ya mechi.

Mdau Kimya
Cam Newton wa Auburn, 2010, hamumtaji? Tachidauni 30 za pasi, 20 za kukimbia, hakufungwa. Alabama walikuwa mbele 24-0, tena nyumbani kwao, wakalala 28-27.

Buckeye wa Pangani
Shikamoo mzee wetu wa Omaha. Hoja ya bowl nimeisikia. Lakini tuelewane tunazungumzia nini. Frazier na Young walikuwa wakimbiaji waliopewa jezi ya kwotabeki. Mimi nikisema kwotabeki nina maana ya mtu anayesoma ulinzi kabla mpira haujatoka, anayejua mpokeaji wa tatu, yaani mtu wa kudaka pasi, yuko wapi bila kumtazama. Miguu wanayo wengi. Kichwa ndicho adimu.

Mama Watatu
Kaka wa Pangani, hapohapo simama.

Huwa nasoma tu humu, siandiki. Ila sentensi yako hiyo nimeisikia kwa masikio yangu kutoka kwa kocha wa mwanangu. Kijana ana miaka 14, amerusha mpira tangu akiwa darasa la tatu, anaijua michezo yote ya timu kwa namba. Mwaka huu akaambiwa atakuwa mpokeaji "kwa sababu ana mbio". Aliyewekwa nafasi yake anarusha vibaya kuliko yeye, na wazazi wote pale pembeni wanaliona. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba yule mwingine "anausoma mchezo". Wanangu wamezaliwa hapa, baba yao Mmakonde, mimi Mnyakyusa. Unadhani mbio waliziona kwanza au waliiona ngozi kwanza?

Buckeye wa Pangani
Dada, mimi sikutaja rangi. Mimi mwenyewe ni mweusi kama wewe, nimesema kuhusu mtindo wa kucheza. Haskins niliyemtetea hapo juu ni mweusi na hakuwa mkimbiaji. Msiniwekee maneno mdomoni.

Mtoto wa Bukavu
Ndugu zangu, miye niko Louisville, na ninashangaa kuona mazungumuzo haya yanaenda bila Lamar Jackson. Msimu wa 2016: pasi za yadi 3,543, kukimbia yadi 1,571, tachidauni 51. Florida State walikuja hapa wakafungwa 63-20. Heisman alipewa akiwa na miaka 19. Lakini 2018, wakati wa kuchaguliwa kwenda NFL, ligi ya kulipwa, wakubwa wa mpira walisema nini? Walisema abadilike, awe mpokeaji. Mtu mwenye Heisman ya kwotabeki! Makwotabeki wanne wakachaguliwa mbele yake, yeye akawa wa 32. Mwaka uliofuata tu, 2019, kura zote za mchezaji bora wa NFL zilienda kwake, hakuna hata moja iliyokwenda kwa mwingine. Sasa bwana wa Pangani atuambie kichwa hicho kilipatikana wapi kwa mwaka mmoja.

Mwana wa Houston
Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Usiku ule wa Rose Bowl ambao watu wanaukumbuka kwa miguu, Young alirusha pasi 40 zikafika 30. Hiyo ni asilimia 75, karibu sawa kabisa na Burrow mnayemsifia kwa kichwa. Msimu ule alivuka yadi 3,000 za pasi na 1,000 za kukimbia. Mtu anayefikisha pasi 30 katika 40 mbele ya mabingwa, huku taifa zima likimtazama, anasoma nini kama hasomi ulinzi?

Buckeye wa Pangani
Pasi zake nyingi zilikuwa fupi. Angalieni urefu.

Mwana wa Houston
Sasa tumehamia kwenye urefu. Kesho tutahamia kwenye rangi ya viatu.

Mzee wa Omaha
Acheni hayo kidogo, maana mama huyu ameuliza jambo zito na mnalipita.

Mwanangu, swali lako lina historia ndefu. Sandy Stephens aliipa Minnesota ubingwa wa 1960, akarudi akashinda Rose Bowl ya 1962. Timu za kulipwa zilimchagua, lakini hazikumtaka kama kwotabeki, akaenda kucheza Montreal, Kanada. Warren Moon alishinda Rose Bowl ya 1978 na Washington, akawa mchezaji bora wa mechi, halafu siku ya NFL kuchagua wachezaji majina yakasomwa mpaka mwisho la kwake halimo. Akaenda Edmonton, Kanada, akachukua Grey Cup, ubingwa wa huko, tano mfululizo. Heisman imetolewa tangu 1935, na kwotabeki mweusi wa kwanza kuipata ni Andre Ware, mwaka 1989. Piga hesabu, ni miaka 54. Hiyo ndiyo njia ambayo neno "mkimbiaji" limepita mpaka likafika kwa kocha wako. Bwana wa Pangani anaweza kulisema bila nia mbaya, namwamini kabisa, ila neno limeshabeba mzigo wake.

Mwana wa Houston
Andre Ware ni wa University of Houston, mzee. Weka na hilo kwenye kumbukumbu.

Dereva wa Usiku
Wakati wa Ware, Houston ilikuwa inarusha mpira kuliko mtu yeyote. Hakuwa mkimbiaji hata chembe, na bado tulisikia eti ni mfumo tu, si yeye. Akikimbia ni miguu, akirusha ni mfumo. Atoke vipi?

Mkenya wa Dallas
Wacha niulize kitu hakuna mtu anauliza. Mtoto ana miaka 14. Mbona tunapigania nafasi gani agongewe kichwa? Mimi wangu nimemkataza kabisa. Madaktari wamefungua bongo za wachezaji waliokufa wakaona vile zimeharibika. Hata kama ni kwotabeki, hata kama ni mpokeaji. Daniel Adongo, Mkenya mwenzangu, alitoka raga, hajawahi kucheza huu mchezo maishani, Indianapolis Colts wa NFL wakamchukua 2013. Mtoto akiwa na mwili na bidii, anaweza kuanza akiwa mtu mzima.

Dereva wa Usiku
Adongo alikuwa mtu wa kukaba na kukimbilia mipira ya mateke. Hiyo unaweza kujifunza ukubwani ukiwa na mwili kama wake. Kwotabeki hawezi kuanza ukubwani. Kila mwaka mtoto anaokaa nje ya nafasi ile ni mwaka wa kusoma ulinzi anaoupoteza, na haurudi. Ndiyo maana kumhamisha akiwa na miaka 14 kunauma kuliko kumhamisha akiwa na 22. Na kama ni kichwa, raga nayo si mchezo wa karata.

Mkenya wa Dallas
Sijasema acheze raga, nimesema asubiri. Mama anaumia juu ya kocha, mimi naumia juu ya huyo mtoto akiwa na miaka 40.

Mama Watatu
Kaka wa Dallas, hilo tumelizungumza nyumbani mara nyingi, na baba yao yuko upande wako. Makubaliano yetu ni kwamba akicheza, acheze anachokipenda na anachokiweza. Mpokeaji anarukia mpira mgongo ukiwa wazi, anagongwa hewani. Siwezi kukubali hatari kubwa zaidi kwa sababu mtu hakutaka kumwangalia mwanangu akirusha.

Naomba ushauri wa kweli. Nikienda kwa kocha niseme nini? Nikitaja rangi ataweka ukuta. Nisipoitaja nitakuwa nimeondoka na jibu lilelile.

Mtoto wa Bukavu
Mama, Lamar alikataa. Walipomuomba akimbie kama mpokeaji mbele ya wakubwa wa timu, alisema hapana, miye ni kwotabeki. Mtoto naye afundishwe kusema hivyo kwa adabu. Asiseme mama peke yake.

Mzee wa Omaha
Sahihi. Aanze yeye. Halafu wewe usiulize kwa nini, maana "kwa nini" inamfanya mtu ajitetee. Omba kitu cha kufanyika. Vijana wote wawili warushe pasi zilezile, kwa wapokeaji walewale, siku moja, na kocha aandike. Kisha awaonyeshe picha ya ulinzi ubaoni kila mmoja kwa wakati wake, awaulize mpira uende wapi. Kama yule mwingine ni bora, itaonekana na mtakubali. Kocha akikataa hata hilo, basi umepata jibu lako bila wewe kutaja rangi.

Buckeye wa Pangani
Naunga mkono, hasa hiyo ya ubaoni. Dada, kichwa ninachokisema mimi ndicho hicho, na kinapimika. Mwambie kijana aandike kwenye daftari kila ulinzi anaokutana nao, mabeki wawili nyuma au mmoja, nani anatangulia kusogea. Akimwekea kocha daftari hilo mezani, neno "mbio" litakosa pa kukaa.

Mama Watatu
Daftari analo tayari, kaka. Hakuna aliyewahi kuomba kuliona. Nitamwambia alibebe Jumatatu.

Mwana wa Houston
Mama, mwonyeshe pia Rose Bowl ya 2006 yote, si vile vipande vya mbio vinavyozunguka mtandaoni. USC walikuwa mbele 38-26, zimebaki chini ya dakika saba. Asimamishe picha kila kabla ya mpira kutoka, aseme Young ataupeleka wapi.

Buckeye wa Pangani
Akimaliza hiyo, amfuate Burrow kule Alabama, Novemba 2019, 46-41. Pasi 31 katika 39, tena angalieni alivyokimbia robo ya mwisho walipomfungia wapokeaji.

Dereva wa Usiku
Kumbe na Burrow alikuwa mkimbiaji.