Blowa ya majani kwa ploti ya kabro Nakuru, nichukue ya betri, ya stima ama ya petroli?

MamaPloti_Milimani

Habari zenu. Naomba ushauri kwa wale wametumia hizi mashine za kupuliza majani, si wale wameziona tu kwa video. Niko na ploti ya nyumba za kupangisha huku Nakuru, kompaundi karibu yote ni kabro (yale matofali ya simiti ya kupanga chini), nyuma kuna kipande cha nyasi, na kutoka geti hadi barabarani ni murram. Shida yangu ni miti. Kuna jakaranda mbili kubwa na mstari wa mikima (grevillea) kando ya ukuta, sitaki kuikata kwa sababu kivuli chake ndicho wapangaji wanapendea hii ploti. Jakaranda inaanza kwa kumwaga vile vijani vidogo kama punje za mchele, vinaingia katikati ya kabro na reki inapita juu tu haishiki kitu, halafu ikifika Septemba kuelekea Novemba ni maua yenyewe, yakinyeshewa kabro inateleza vibaya. Majani ya mkima nayo yanajaza gata, ile mifereji ya maji ya mvua kwa paa.

Mzee anayetuangalilia ploti hufagia na ufagio wa njiti kuanzia saa kumi na mbili asubuhi na mgongo umeanza kumsumbua. Juzi nilimkuta amepiga magoti kando ya gari la mpangaji akivuta majani na mkono kutoka chini ya tairi, na kuinuka ikawa shida. Sitaki tufike mahali aumie.

Bajeti ni 15,000, nikisukumwa nafika 20,000. Hadiwea wananionyesha tatu: kadogo ka stima ka bei ya chini kabisa, ya betri ya 20V, na ya petroli ya kushika mkono. Boksi moja inajisifu na spidi, ingine inasema CFM, ingine haisemi kitu. Niangalie nini?

FundiStima_LangaLanga

Dada, hako kadogo ka stima achana nako. Hako ndiko sisi mafundi tunatumia kutoa vumbi kwa kompyuta na subwufa, na kwa hiyo kazi kako sawa sana. Lakini hewa yake mara nyingi ni kama mita 3 za ujazo kwa dakika, yaani CFM 100 hivi, na blowa ya majani ya petroli ya mkono, zile za 25cc hadi 28cc, huandikwa CFM 400 na zaidi. Mzee atasimama na jani moja moja mpaka jioni.

Sasa kuhusu hizo namba. CFM ni ujazo wa hewa, futi za ujazo kwa dakika, na spidi ni vile hewa inatoka haraka kwa mdomo wa bomba. Spidi ndiyo inabandua jani lililoshika chini, lakini rundo linasukumwa na ujazo. Ukiweka mdomo mwembamba spidi inapanda na ujazo unashuka, ndiyo maana mtu wa kuuza anaweza kukuandikia spidi kubwa sana kwa boksi na mashine yenyewe haina nguvu. Zitafute zote mbili. Ukipata imeandikwa newton hiyo ni nzuri zaidi, ni msukumo wenyewe, imeshachanganya ujazo na spidi. Boksi isiyo na namba yoyote mimi singenunua.

Ya betri: 20V ni ile inasoma ikiwa imetoka tu kwa chaja, ndani ni seli tano za lithiamu na kwa kazi ni 18V. Betri ya 4Ah (ampea-saa 4) piga mara 18 unapata 72, hizo ni wati-saa. Kama mota inakula wati 400 ikiwa imefunguliwa yote, hiyo betri inaisha kwa kama dakika 11. Si mbaya kwa kabro ukitumia nusu ya nguvu sehemu kavu, lakini hesabu betri mbili tangu mwanzo, moja ikiwa kwa chaja ingine kazini. Na uliza dukani kama hiyo bei ni ya mashine tupu, kwa sababu nyingi zinauzwa bila betri na bila chaja, mtu anafurahia bei halafu anafika nyumbani ana plastiki.

Kuna pia za stima kubwa, wati 2,500 hadi 3,000. Hizo ziko na nguvu ya kweli na hazina moshi, lakini 3,000 gawanya kwa 240 ni ampea 12.5 na soketi zetu mwisho ni 13. Ukitumia ekstensheni nyembamba, tena ikiwa imezungushwa kwa rili, inapata moto hadi inayeyuka. Lazima iwe waya nene na ikunjuliwe yote. Kwa ploti yenye magari na watoto, waya ikivutwa kwa kabro yenye maji mimi siipendi kabisa.

Omera_Dunga

Fundi hapo juu ameongea vizuri, mimi niongeze upande wa petroli kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu, natengeneza injini za boti na pawa so huku Kisumu. Ya petroli usiogope ati itakosa fundi. Kabureta yake ni ya diaframu, ni familia moja na ya pawa so, fundi yeyote wa pawa so hapo Nakuru atakufungulia akiangalia pembeni. Ile ya betri ikiharibika bodi, mara nyingi ni kutafuta ingine.

Lakini kuna mambo watu hawaambiwi dukani. Ya kwanza ni oili. Hizi ni injini za tu-stroki, oili inachanganywa na petroli, na kila mashine iko na kipimo chake. Ikisema 25:1 ni mililita 40 kwa lita moja, ikisema 50:1 ni mililita 20, soma kitabu usikisie kwa kifuniko cha soda. Na si oili yoyote. Huku ziwani utapata oili ya tu-stroki kila beach kwa sababu ya injini za boti, imeandikwa TC-W3, hiyo ni ya injini inayopozwa na maji. Blowa inapozwa na hewa, inachemka kuliko injini ya boti, inataka oili iliyoandikwa JASO FC ama FD. Nimefungua mashine za watu nikakuta pistoni imekwaruzwa upande wa ekzosti mistari mirefu kutoka juu hadi chini, ringi zimeshikana kabisa, na mwenyewe anaapa aliweka oili kila siku. Aliweka, tena nyingi, lakini ya boti.

Ya pili ni mwinuko. Kisumu tuko kama mita 1,130, Nakuru mko karibu 1,850. Injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 3 kwa kila mita 300 ukipanda, kwa hivyo huko kwenu injini inatoa kama asilimia 18 chini ya ile imeandikwa kwa boksi. Ile iko mpakani kwa nguvu usichukue, ongeza kidogo. Tena hewa ikiwa nyepesi petroli inazidi, plagi inakuwa nyeusi yenye mafuta mafuta na mashine inakohoa ukiifungulia. Mwambie fundi apunguze petroli kwa kabureta kabla ya kuanza kubadilisha plagi kila mwezi.

Petroli iliyochanganywa usiweke zaidi ya mwezi, na kama msimu wa majani umeisha mwaga yote, washa hadi izime yenyewe, ndiyo kabureta isigande.

mkulima_bahati

Kwa nini usinunue mist blower? Ile ya kubeba mgongoni tunapulizia dawa miti. Injini yake ni kubwa, 40cc na kitu, ukitoa maji kwa tanki ni upepo mtupu na inasukuma majani hata yakiwa na unyevu. Mimi huku Bahati yangu inapuliza dawa kwa maparachichi na inafagia uwanja wa ng'ombe, mashine moja kazi mbili. Tena spea ziko kila agrovet.

Omera_Dunga

@mkulima_bahati nguvu iko, hiyo sikatai, na kwa shamba ningesema chukua. Lakini soma tena swali, huyo mzee anaumwa mgongo. Hiyo kitu ikiwa tupu ni kilo 10 na zaidi, bado hujaweka petroli, halafu inamtingisha mgongoni saa nzima. Na kama iliwahi kubeba dawa, ile hewa ya kwanza inatoka na mabaki kwa bomba, uko kwa ploti ya watoto na nguo zimeanikwa. Hapana.

Mwalimu_Kakamega

Mimi ndiye niliachiwa mambo ya kompaundi ya shule yetu, na huku Kakamega mvua haituachi, kwa hivyo niwaambie kuhusu majani yenye maji. Jani likiloa linashikana na simiti, unaweza kuwa na mashine ya bei gani na bado utatoka na ufagio. Sisi tunangoja saa nne ama saa tano jua likishapiga, ndiyo tunawasha. Dada wewe huko Nakuru mchana upepo unaamka, kwa hivyo utafute ule muda umande umekauka na upepo haujaanza, na upulize kufuata upepo, usishindane nao.

Kitu cha pili ni kwamba mashine haitoi majani kwa kompaundi, inayasogeza tu. Watu wengi wananunua halafu wanashangaa majani yamejaa kwa jirani. Tandaza turubai upande ule upepo unaelekea, kunja ukingo wa mbele chini ya mawe, puliza majani yapande juu yake, halafu watu wawili wavute pembe. Hapo ndipo mgongo wa mzee utapona, kwa sababu kinachomaliza mgongo ni kule kuinama kuokota na kujaza wilibaro, kufagia peke yake si mbaya hivyo. Majani yake yasichomwe. Vile vijani vya jakaranda vinaoza haraka, vimwagwe chini ya migomba ama kwa shimo la mbolea, ya mkima yanachelewa kidogo lakini yanafaa kufunika udongo wakati wa jua.

Kelele msiidharau. Ya petroli kwa sikio la anayeibeba inapita desibeli 90, na kuanzia 85 ukikaa nayo siku nzima masikio yanaharibika. Mnunulie vile vifuniko vya masikio na miwani, hiyo si hiari. Na wapangaji wana haki yao, kanuni za kelele za 2009 za NEMA, ile mamlaka ya mazingira, zinahusu hadi makazi. Huko Washington DC za petroli zilipigwa marufuku kuanzia 2022, na California ikazuia kuuza mpya zilizotengenezwa kuanzia 2024, sababu ni moshi na hiyo kelele.

Kwa murram usiwashe. Utapata vumbi kwa kila dirisha na baada ya muda ile changarawe nzuri ya juu imeisha unabaki na mashimo. Hapo ufagio.

MamaPloti_Milimani

Nawashukuru sana, nimesoma yote pole pole. Naona naelekea kwa ya betri. Wapangaji wangu wawili ni manesi wa zamu ya usiku, wanalala asubuhi, ya petroli itawaua. Kompaundi si kubwa ya kushinda betri mbili kama mzee ataifanya kwa vipande, mbele Jumatatu, nyuma Alhamisi, hivyo. Maswali mawili yamebaki: gata nitafanya nini? Na kabro, haitaharibiwa na hiyo hewa?

FundiStima_LangaLanga

Gata usimpandishe mzee kwa ngazi na blowa mkononi, ikifunguliwa inasukuma mtu nyuma na yuko na mkono mmoja tu wa kujishika. Kuna bomba refu lenye mdomo uliopinda unasimama chini unapuliza, lakini inafanya kazi yakiwa makavu pekee. Ya mkima yakiloa yanalala kama mkeka, hayo ni ya kuvuta na mkono. Tafuta fundi wa mabati afunike gata na wavu kabla ya mvua za Machi, utasahau hiyo shida.

Na kwa betri, chagua kampuni ambayo tayari uko na drili yake ama unajua betri zake zinauzwa hapo mjini, ikichakaa miaka ijayo usianze kuagiza Nairobi.

Kabro_Njoro

Mimi huweka kabro, hiyo ya mwisho nijibu. Ule mchanga mwembamba katikati ya mistari ndio unazishika zisicheze. Ukisimamisha mdomo wa blowa wima juu ya mstari na umefungulia yote, mchanga unaruka pamoja na vijani, na misimu michache baadaye kabro zinaanza kutikisika, hasa pale magari yanakata kona. Mwonyeshe mzee ashike bomba likiwa limelala karibu na chini, hewa ipite juu ya uso wa kabro kwa mshazari, asifuate mstari moja kwa moja. Nguvu ya nusu inatosha kwa vijani vikavu vya jakaranda, ni vyepesi. Ile nguvu yote aiweke kwa chini ya magari na kona za ukuta.

Halafu kila mwaka msimu wa majani ukiisha leta mchanga wa mto uliochungwa, ukiwa mkavu kabisa, mwaga juu, fagia na huo ufagio wa njiti uingie, nyunyiza maji kidogo, rudia mpaka mistari ijae. Kazi ya siku moja.

MamaPloti_Milimani

Pale kwa geti zimeshaanza kucheza, nilidhani ni lori la maji. Nitaanza na mchanga hapo. Jumamosi naenda na mzee dukani ashike mashine mwenyewe na betri ikiwa ndani asikie uzito, kwa sababu ni yeye atakuwa anaibeba. @Kabro_Njoro unaweza kupita uangalie hiyo ya geti? Niambie siku.