Noah ya Mama: kikundi cha familia, Alhamisi hadi Ijumaa

ALHAMISI

[06:12] Da Kulwa: Mwangaluka wote. Kifaa cha kupimia gari kimefika, nimekichukua stendi ya Nyegezi alfajiri hii. Neema asante mdogo wangu. Jumamosi saa 3 asubuhi Faraja anapima Noah nyumbani kwa Mama. Jumapili ndiyo kipaimara Sengerema, lazima tujue gari ina nini kabla ya kuvuka. Kila mtu ajibu yupo au hayupo

[06:14] Da Kulwa: Mchango ni 10,000 kwa kichwa. Kifaa Neema kalipa peke yake, hii ni ya chaja ya betri na chai

[06:40] Da Kulwa: Naona tiki za bluu tu

[07:02] Tabu: 👍

[07:03] Da Kulwa: Tabu, dole ni yupo au ni pesa?

[07:38] Faraja: Shikamooni wote. Shangazi tafadhali usikichomeke popote mpaka nije

[07:39] Da Kulwa: Marahaba. Nilikuwa nakitazama tu

[07:39] Da Kulwa: [picha]

[07:41] Faraja: Hapo tayari umeshachomeka kebo

[07:41] Da Kulwa: Upande mmoja tu. Wa gari sijagusa

[07:44] Faraja: Sawa ibaki hivyo. Kebo za namna hiyo, pini 9 upande wa kifaa na pini 16 upande wa gari, zinauzwa za aina mbili. Kwa macho zinafanana ila nyaya za ndani zimepangwa tofauti. Pini ya 16 ya gari ina volti 12 muda wote, hata ukitoa funguo. Ikiwa kebo siyo yenyewe hizo 12 zinaingia pasipotakiwa, kifaa kinaungua na laptopu ya baba inaweza kufuata

[07:45] Doto: Laptopu ya nani??

[07:45] Faraja: Baba tuliongea jana

[07:46] Doto: Tuliongea kuhusu mpira

[07:52] Faraja: Kwa hiyo kabla ya yote nahitaji multimita, kile kipima umeme. Kwenye kitabu cha kifaa chetu, pini ya 6 ya gari itokee ya 7, ya 14 itokee ya 2, ya 5 itokee ya 3. Napiga moja moja. Isipolingana hatuchomeki, tunatafuta kebo nyingine mjini

[07:53] Da Kulwa: Multimita ni ya Shem Bahati. Bahati upo?

[07:53] Da Kulwa: Bahati

[08:30] Mjomba Nyanda: Mwangaluka wanangu. Mimi swali langu dogo. Kwani yule fundi wa Buzuruga amekufa?

[08:31] Da Kulwa: Shikamoo mjomba. Hajafa. Alifuta taa, akachukua 30,000, taa ikarudi kabla wiki haijaisha. Hakutuambia hata ilikuwa inasema nini

[08:33] Mjomba Nyanda: Marahaba. Lakini taa ilizima

[08:35] Faraja: Babu, kufuta ndiko kulikotuharibia. Injini ikigundua kosa inaweka namba ya kosa pamoja na hali ya wakati ule: mizunguko, joto, mzigo. Ukifuta bila kusoma vyote vinapotea, na ugonjwa uko palepale. Mimi nitasoma kwanza

[08:36] Neema Dar: Inafanyaje hasa? Niliondoka haina taa

[08:37] Da Kulwa: Inakohoa ikipanda Bugando. Mama akienda kliniki inatetemeka mpaka anashika kiti cha mbele. Juzi taa ilikuwa inapepesa

[08:38] Faraja: Inapepesa au inawaka tu?

[08:38] Da Kulwa: Inapepesa. Inawaka inazima inawaka

[08:40] Faraja: Basi isipelekwe popote kwa kasi. Ikipepesa mara nyingi ni silinda haichomi, petroli mbichi inakwenda kwenye ekzosi na kuunguza kile kichujio cha moshi. Inaweza kuwa plagi tu au koili. Inaweza kuwa nozeli. Ndiyo maana tunapima, tusinunue koili nne kwa kubahatisha

[08:41] Doto: Kulwa ulishanunua koili ngapi?

[08:41] Da Kulwa: Mbili

[08:42] Doto: 😂😂😂

[08:55] Neema Dar: Faraja nina wasiwasi kidogo. Nimesoma kwamba hivi vitu watu wanaingilia magari. Eti 2015 Marekani walizimia watu Jeep barabarani

[09:10] Faraja: Ni kweli. Wale walikuwa watafiti, Miller na Valasek, na dereva alikuwa anajua anajaribiwa. Walipitia mtandao wa simu uliokuwa ndani ya gari lenyewe, na kampuni ikaita magari milioni 1.4 kurekebishwa. Noah yetu haina hiyo kitu. Ila ndiyo sababu nilikuomba cha waya, sio vile vidogo vya blututhi. Vingi namba ya siri ni 1234, na watu wanaviacha vimechomekwa mwaka mzima. Jirani akiwa na simu anaongea na gari yako. Halafu vinanyonya betri gari ikilala

[09:12] Neema Dar: Nimeelewa. Endelea

[09:13] Mjomba Nyanda: Sasa huu mtandao wa gari ni nini? Gari ina bando?

[09:14] Doto: Mjomba 😂😂 umeua

[09:20] Faraja: Hapana babu. Ndani ya gari kuna kompyuta kadhaa: ya injini, ya breki, ya dashibodi. Zamani kila moja ilihitaji waya wake kwenda kwa kila nyingine. Sasa zinatumia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, zote zinasikia kila kinachosemwa, kama kikundi hiki. Wawili wakianza kusema kwa pamoja, mwenye ujumbe wa namba ndogo anapita na mwingine ananyamaza asubiri. Bosch wa Ujerumani ndio walioutangaza mwaka 1986

[09:21] Doto: Basi Kulwa namba yake ni sifuri

[09:21] Tabu: 😂

[09:22] Shangazi Mdogo Igogo: 😂😂

[09:22] Da Kulwa: Shangazi kumbe upo! Mchango je?

[09:25] Mjomba Nyanda: 1986 nilikuwa naendesha Bedford, Shinyanga kwenda Mwanza na marobota ya pamba. Waya zilikuwa za taa na honi. Ikizima unashuka na spana, unaondoka

[09:26] Doto: Honi yenyewe ilikuwa inalia?

[09:27] Mjomba Nyanda: Ilikuwa inalia kuliko wewe ulipoulizwa injini ya mtumbwi

[09:27] Doto: Mjomba

[09:28] Mjomba Nyanda: Nasema tu. Vitu vya nyumba hii vikishikwa na upande wa Doto tunajua vinakoenda. Yamaha ilikwenda "kupimwa" Ukerewe. Leo Noah inakwenda "kupimwa"

[09:29] Doto: Faraja alikuwa hajazaliwa

[09:30] Doto: Na ile injini kila mtu anajua nani alichukua hela. Sitataja

[09:30] Da Kulwa: Doto acha

[09:31] Doto: Nimesema sitataja

[09:31] Neema Dar: Jamani jamani. Tunazungumza gari ya Mama

[09:34] Shangazi Mdogo Igogo: Ujumbe huu umefutwa

[09:35] Doto: Shangazi nimeshausoma

[11:50] Da Kulwa: Faraja endelea na habari ya gari. Watu wengine waandike pembeni

[12:05] Faraja: Sawa shangazi. Jumamosi gari izimwe, breki ya mkono, isimame tambarare. Waya wa betri sitoi, maana hiyo nayo inaweza kufuta namba za makosa. Nasubiri dakika chache kompyuta zilale, ndipo napima ukinzani kati ya pini ya 6 na ya 14. Inatakiwa kusoma karibu na omu 60, kwa sababu kila mwisho wa nyaya kuna kizuizi cha 120. Kwenye kifaa chetu kuna kiswichi kidogo kimeandikwa 120, kiwe kimezimwa. Kikiwashwa zinakuwa tatu, inasoma 40, na gari inaweza kuanza kuchanganyikiwa

[12:06] Da Kulwa: Kiswichi nimekiona. Kipo upande wa kuwasha

[12:06] Faraja: Usikiguse

[12:07] Da Kulwa: Nimeshakizima

[12:09] Faraja: 🙏🏾 Basi sawa. Isiposoma 60 naishia hapo hapo. Ikisoma nawasha swichi, naweka kifaa hali ya kusikiliza tu, ambayo hata kuitikia ujumbe hakiitikii, na kasi ya biti 500,000 kwa sekunde. Gari ndogo nyingi za sasa zipo hapo. Ukikosea kasi na kifaa kiko hali ya kawaida, unavuruga mazungumzo ya wenzako na dashibodi inawaka taa zote. Nikishaona ujumbe unapita vizuri ndipo nakirudisha hali ya kawaida na kuuliza injini namba za makosa

[12:10] Shem Bahati: Jambo zuri. Mimi nitakaa mbele na laptopu tukiendesha kwenda Mkolani tuone namba zikitembea

[12:10] Da Kulwa: BAHATI! Multimita!

[12:13] Faraja: Samahani, tukitembea mimi sitakubali. Laptopu juu ya dashibodi na mfuko wa hewa upo pale pale, kebo iko karibu na miguu ya dereva. Ikilazimika kuendesha, kifaa kirekodi chenyewe, kebo ifungwe pembeni, tusome tukisimama. Na hata tukisimama situmi chochote cha kuamrisha. Breki na usukani viko kwenye nyaya hizo hizo

[12:15] Shem Bahati: Naona kwenye mtandao wanafungua vioo kwa laptopu

[12:15] Faraja: Vioo vya gari zao

[12:16] Doto: Huyu mtoto ni wangu kweli 😂

[12:40] Mjomba Nyanda: Mimi nampigia fundi wa Buzuruga aje Jumamosi hiyo hiyo. Wapime wote wawili

[12:41] Da Kulwa: Mjomba tafadhali

[12:41] Mjomba Nyanda: Nimeshampigia

[16:20] Da Kulwa: Waliolipa mpaka sasa: Neema (alishatoa ya kwake), mimi. Basi

[19:47] Baba Mkubwa: [ujumbe wa sauti, 3:08]

[19:49] Doto: Shikamoo Baba Mkubwa

[19:50] Mjomba Nyanda: Bando limeisha, sauti haifunguki. Nani aandike

[20:11] Neema Dar: Naandika alivyosema. "Nimesoma yote. Injini ya mtumbwi tuliimaliza mbele ya baba yenu, akiwa kitandani, na kila mmoja alikula ugali ule. Sitaki kuisikia tena, si kwa Nyanda si kwa Doto. Nyanda wewe ni mkubwa, umenishangaza. Gari ni ya mama yenu. Mtoto apime, asome, aandike kwenye karatasi, asibadilishe kitu. Fundi akija akae, asikilize, asifute. Karatasi niione mimi. Bila karatasi gari hiyo haivuki daraja. Zamani ikizima Kigongo tulikuwa kwenye foleni ya kivuko, vijana wanasukuma. Sasa mpite na mgonjwa kwenye kilomita 3 juu ya maji, gari inakohoa? Mtapanda basi."

[20:12] Neema Dar: Halafu mwisho anauliza Mama amekula nini

[20:31] Doto: Sawa baba

[20:44] Mjomba Nyanda: Nimesikia kaka

[21:15] Da Kulwa: Amekula sato na ugali kidogo, Baba Mkubwa. Asante

IJUMAA

[05:58] Da Kulwa: Mwangaluka. Baada ya neno la Baba Mkubwa mpango ni huu: Faraja anapima, anaandika, napiga picha karatasi namtumia. Saa 3. Bado multimita, chaja, pesa

[08:14] Faraja: Chaja ni muhimu. Nikiwasha swichi bila injini nusu saa nzima betri ile inaweza kushuka, na ilishakuwa mbovu

[08:15] Da Kulwa: Betri hiyo niliinunua mimi. Sijarudishiwa

[08:15] Doto: Tumeambiwa mambo ya zamani yafungwe

[08:16] Da Kulwa: Injini ndiyo ilifungwa. Betri ni ya mwaka jana

[08:16] Tabu: 😂😂😂

[10:02] Shem Bahati: Multimita niliazimisha mtu wa Kirumba, anasema yuko Magu mpaka Jumapili

[10:03] Da Kulwa: Bahati umejua lini?

[10:20] Shem Bahati: Jumatano

[10:31] Faraja: Naweza kuomba ya mwalimu wangu VETA, ila sijui kama atairuhusu itoke karakana. Nitajua jioni

[10:33] Mjomba Nyanda: Fundi anayo. Anasema anakuja saa 5, sio 3. Na anataka hela ya bodaboda

[10:34] Da Kulwa: Saa 5 Faraja atakuwa amemaliza

[10:35] Mjomba Nyanda: Bila multimita amalize nini?

[10:52] Da Kulwa: Haya mjomba. Fundi aje saa 3 na multimita yake. Kufuta hapana. Boda nitalipa mimi

[10:53] Mjomba Nyanda: Nitamwambia. Kukubali ni kwake

[13:17] Neema Dar: Kwa Jumapili mimi nimeshaulizia tiketi za basi la Sengerema, ikishindikana. Nani anakwenda na Mama akikaa kwenye basi?

[13:40] Da Kulwa: Doto?

[15:05] Da Kulwa: Doto

[17:22] Shangazi Mdogo Igogo: Nimetuma 5,000. Nyingine mwisho wa mwezi

[17:26] Da Kulwa: Imefika, asante shangazi

[18:48] Faraja: Mwalimu amekataa. Kwa hiyo ni ya fundi. Nimemwomba baba laptopu, amesema nimuulize kesho

[18:50] Doto: Nimesema nimuulize mama yake kesho. Ina kazi zake za shule ndani

[18:51] Da Kulwa: Kesho NDIYO Jumamosi