Mrejesho: Vitunguu vya maua vimechanua licha ya joto na ukame

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini vitunguu vyangu vya maua, vya jamii ya Allium, vilistawisha majani bila kutoa hata ua moja, nanyi mkanieleza kwamba aina nyingi huhitaji kipindi cha baridi ndipo zichanue, na kwamba pasipo na baridi ya kutosha jokofu hutosha. Nimefuata ushauri huo, na Allium schubertii imechanua.

Nilivihifadhi vitunguu vikavu katika mfuko wa karatasi ndani ya jokofu kwa wiki 8 hadi 10 mlizopendekeza, mbali kabisa na matunda, kwa sababu gesi ya ethilini inayotoka kwenye matunda yanayoiva huweza kuua chipukizi la ua likiwa bado ndani ya kitunguu. Kisha nikavipanda katika udongo wenye kokoto ndogo, kwa kina cha mara 3 ya urefu wa kitunguu chenyewe.

Anayejaribu asishtuke akiona ncha za majani zikigeuka njano kabla ua halijafunguka. Ndiyo tabia yake. Ua lenyewe linastahili subira yote: vikonyo havilingani, vingine vifupi, vingine vikichomoza mbali, kila kimoja kikibeba kiua cha waridi, mithili ya fataki iliyopasuka angani. Allium giganteum, niliyoihifadhi vivyo hivyo, imetoa majani tu, na sitaendelea nayo.

Sasa majani yamekauka na nimeacha kabisa kumwagilia, kwani kitunguu kilicholala katika udongo wenye joto na unyevu huoza upesi. Nitavichimbua, nivikaushe kivulini, kisha nivirudishe jokofuni kabla ya msimu ujao.